Klipu si faili: kinachotokea hasa unapokata video na sauti

Msimu wa harusi ukifika Mombasa, wapiga video kuanzia Bondeni hadi Kisauni husikia ombi moja kila siku: "Nataka klipu zangu zote." Mwenye harusi anayesema hivyo ana maana yake, na fundi anayemjibu "sawa" naye ana yake. Jioni ileile, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kipande cha sekunde 20 cha mwanasiasa akihutubia mkutano Tononoka kinazunguka. Nusu ya kundi wanasema klipu imekatwa, nusu wanaapa kwamba ni orijino, na ubishi unakesha.

Mkanganyiko huu una gharama. Kuna familia zilizopoteza kumbukumbu za harusi kwa sababu yake, kuna vijana waliogombana na wateja wakati kila upande ulikuwa na haki yake, na kuna watu waliohukumiwa mtandaoni kwa maneno yaliyotolewa katikati ya sentensi. Nauandika ufafanuzi huu kwa sababu naamini jambo lenyewe linaeleweka na mtu yeyote, hata asiyewahi kugusa programu ya kuhariri, akielezwa kwa utaratibu.

Mtaani, klipu ni video fupi au sauti fupi iliyokamilika. Unaipokea, unaicheza, unamtumia mwenzako. Hiyo ni faili: picha na sauti zenyewe zimo ndani yake. Lakini ndani ya programu ya kuhariri, iwe Premiere, DaVinci Resolve, Final Cut, au CapCut kwenye simu, klipu ni maelekezo. Huiambia programu mambo matatu: faili ipi ichezwe, ianzie wapi, na iishie wapi. Picha haimo ndani ya klipu hiyo, wala sauti haimo. Zinabaki kwenye faili, pale ulipozihifadhi.

Ustadhi akimwambia mwanafunzi chuoni, "Soma Al-Baqara, aya ya kwanza mpaka ya tano," hakuna ukurasa uliochanwa kwenye msahafu. Ametaja kitabu, pa kuanzia na pa kukomea. Padri anayetangaza somo la Mathayo 5, mstari wa 3 hadi wa 12, amefanya lilelile. Ustadhi akibadili shauri na kusema "endelea mpaka aya ya saba", zile aya mbili za nyongeza zilikuwapo muda wote, hakuna aliyehitaji kuzileta. Akiwaambia wanafunzi wawili wasome aya zilezile, msahafu hauongezeki kurasa. Na mtu akiuhamisha msahafu rafuni, mwanafunzi atabaki anaijua sura na anaijua aya, ila hana pa kusomea.

Ushike mfano huo, maana karibu kila swali ambalo watu huuliza kuhusu klipu linajibiwa humo.

Klipu hupangwa kwenye taimlaini, ule ukanda ulio chini ya skrini unaoonyesha kazi nzima kutoka kushoto kwenda kulia. Unapobonyeza kitufe cha kucheza, programu husoma maelekezo ya klipu ya kwanza, ikaenda kwenye faili iliyotajwa, ikacheza sehemu iliyotajwa, kisha ikahamia klipu ya pili. Ukichukua kile kifaa chenye alama ya wembe ukaikata klipu katikati, faili haijaguswa. Mstari mmoja wa maelekezo umekuwa miwili: wa kwanza unaishia pale ulipokata, wa pili unaanzia palepale. Ukivuta ncha ya klipu kurudi nyuma, picha uliyodhani umeikata inarejea, kwa kuwa haikuwahi kuondoka. Ukiinakili klipu mara kumi, diski yako haijajaa zaidi. Na ukiifuta kwenye taimlaini, umefuta maelekezo peke yake.

Hapo ndipo dhana mbili maarufu zinapoanguka. Wengi huogopa kukata wakidhani wanaiharibu video ya asili. Wengine hukata kwa makusudi wakidhani wanapunguza mzigo kwenye diski, kisha wanashangaa nafasi haijaongezeka hata kidogo. Wote wawili wanaichukulia klipu kama faili.

Tazama ukubwa wa vitu hivi viwili. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 12.5 kila sekunde (baiti moja ni biti nane), megabaiti 750 kila dakika, gigabaiti 45 kila saa. Harusi iliyopigwa na kamera mbili, kila moja kwa saa tatu, kuanzia nikaha msikitini hadi bi harusi anapotolewa ukumbini usiku, ni gigabaiti 270. Faili ya projekti, ile inayobeba taimlaini na maelekezo yote, aghalabu ni megabaiti chache. Inaingia kwenye flashi ndogo kabisa na nafasi ikabaki. Basi ndiyo maana mazungumzo kama haya hutokea:

"Mwanangu, hii flashi uliyonipa haina kitu. Mpwa wangu kaifungua kwenye kompyuta, tunaona wekundu mtupu."

"Mama, klipu zote zimo. Si mnaona majina yake?"

"Majina nayaona, mwanangu. Bi harusi ndiye simuoni."

Kijana hakudanganya. Klipu zote zimo kweli, kila kata na kila mpangilio aliokesha nao. Ila zinaelekeza kwenye diski iliyobaki mezani kwake. Skrini nyekundu yenye tangazo kwamba faili haipatikani ndiyo njia ya programu kusema: sura naijua, aya naijua, msahafu siuoni. Hali hiyohiyo hutokea ukibadilisha jina la folda, ukihamisha video kutoka kompyuta kwenda diski ya nje, au diski ikichomekwa mahali pengine na kompyuta ikaipa herufi tofauti. Kazi haijapotea. Unaiagiza programu itafute upya, unaionyesha folda mpya, na picha zinarudi.

Lakini pana mtego hapa ambao mafundi wanaoanza hawaambiwi. Kamera nyingi huzipa faili zake majina ya kuhesabu, kama C0001, C0002, na hesabu inaweza kuanza upya kadi ikifutwa au ikiwekwa nyingine. Ukiwa na harusi ya Ijumaa na ya Jumamosi kwenye diski moja, utakuwa na C0001 mbili. Ukiielekeza programu kwenye folda isiyo yake, itakubali kwa furaha, na bi harusi wa Ijumaa atatokea kwenye video ya Jumamosi. Kwa hiyo kila kadi iwe na folda yake yenye tarehe na jina la shughuli, na folda hiyo isiguswe tena mpaka kazi ikabidhiwe.

Mfumo huu wa kuelekeza badala ya kukata haukuwapo tangu mwanzo. Filamu ilikatwa kwa wembe kikweli, ikaunganishwa kwa gundi au utepe. Ilipokuja mikanda ya sumaku, kuhariri kulikuwa kunakili: unacheza mkanda kwenye mashine moja, unarekodi sehemu unayoitaka kwenye mashine ya pili, na kila nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake. Nyumba nyingi za Mombasa bado zina mikanda ya VHS ya harusi za miaka ya themanini na tisini, na ukiitazama utaona jinsi rangi zilivyovuja kwa sababu uliyo nayo ni nakala ya nakala. Mwaka 1971 mtambo ulioitwa CMX 600, uliotengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni za CBS na Memorex, ulionyesha kwamba picha inaweza kuwekwa kwenye diski za kompyuta na mhariri akapanga orodha ya "anzia hapa, ishia hapa" bila kugusa mkanda. Ulikuwa mkubwa na ghali, na picha yake haikuwa na rangi. Wazo hilo lilifika kwenye meza za wahariri wengi zaidi kupitia Avid mwaka 1989, Premiere mwaka 1991 na Final Cut Pro mwaka 1999. CapCut kwenye simu ya kijana wa Likoni leo inafuata mantiki ileile.

Ndani ya klipu

Video ni picha za mnato zinazofuatana, kila moja huitwa fremu. Televisheni ya Kenya inafuata fremu 25 kwa sekunde, kiwango kilichotokana na nchi zenye umeme wa hezi 50 kama wetu. Kila fremu inakaa milisekunde 40. Simu nyingi, usipozibadilisha, hurekodi fremu 30. Ukiweka klipu ya simu ya fremu 30 kwenye taimlaini ya fremu 25, programu inalazimika kutupa fremu tano kila sekunde, na mwendo wa mtu anayetembea au kamera inayogeuka unakuwa na mishtuko midogo. Watu huilaumu simu, ilhali simu ilifanya kazi yake. Mwambie kila anayekusaidia kupiga picha aweke 25 kabla shughuli haijaanza. Na ukumbini, chini ya taa zetu za hezi 50, 25 husaidia pia kupunguza ule upepesaji wa mistari unaopita kwenye ukuta.

Jambo hilohilo linaeleza mwendo wa polepole. Bi harusi anapotembea kuelekea jukwaani na mtu anataka aonekane akielea, klipu iliyopigwa kwa fremu 50 ikipunguzwa nusu mwendo kwenye taimlaini ya 25 ina fremu halisi za kutosha, kila moja inaonyeshwa mara moja. Klipu ya 25 ikipunguzwa vivyo hivyo haina cha kuongeza, hivyo programu hurudia kila fremu mara mbili au hubuni za katikati. Uamuzi huo hufanywa kabla ya kupiga, wala si kwenye kompyuta.

Halafu kuna ziada. Klipu yoyote unayoiona kwenye taimlaini ina sehemu isiyoonekana kabla ya mwanzo wake na baada ya mwisho wake, endapo faili ya asili ni ndefu zaidi. Ukitaka picha moja iyeyukie nyingine kwa muda wa sekunde moja, programu inahitaji fremu kama 12 au 13 kutoka kwenye ziada ya klipu ya kwanza na nyingine kama hizo kutoka ya pili, kwa sababu kwa sekunde hiyo klipu zote mbili zinaonekana pamoja. Kama mpiga picha alibonyeza kitufe cha kurekodi baada ya pete kuanza kuvishwa, ziada haipo, na programu itakataa au itagandisha fremu ya mwisho. Ndiyo sababu mafundi wazuri huanza kurekodi sekunde chache mapema na kuacha kamera iendelee kidogo tukio likishapita. Mwenye shughuli humwona amesimama tu, kumbe anakusanya kile kitakachomwokoa usiku.

Sauti

Kile kinachoonekana kama klipu moja ya kamera ni klipu mbili zilizofungwa pamoja, ya picha na ya sauti. Ukizifungua, kila moja inaweza kuanza na kuisha kwa wakati wake. Mhariri anaposikizisha honi ya feri ya Likoni sekunde moja kabla hujaiona feri yenyewe, amevuta ncha ya klipu ya sauti nyuma na kuiacha ya picha palepale.

Sauti ina chembe ndogo zaidi kuliko picha. Kwenye video, kiwango cha kawaida ni vipimo 48,000 vya wimbi la sauti kwa sekunde. Kwenye CD za muziki ni 44,100. Kwa hiyo ndani ya fremu moja ya picha, kwa mwendo wa 25, mna vipimo 1,920 vya sauti. Mkato ambao kwa jicho umekaa vizuri unaweza kuwa mbaya kwa sikio. Wimbi la sauti linapanda na kushuka, na ukilikata likiwa juu kisha klipu inayofuata ikaanza likiwa chini, spika inaruka ghafla na unasikia "tik". Dawa ni kufifisha mwisho wa klipu moja na kuinua mwanzo wa nyingine kwa milisekunde tano hadi kumi. Msikilizaji hatambui, na "tik" inakwisha.

Kinachowashinda wengi ni sauti ya nyuma. Chukua mahojiano yaliyofanywa kwenye baraza ya nyumba ya Mji wa Kale. Nyuma ya mzungumzaji mna tuktuk, mna kunguru, na wakati ukifika mna adhana. Mhariri akiondoa sentensi moja ya mzungumzaji, ameondoa pia sekunde kadhaa za adhana. Adhana ina mpangilio ambao kila mtu wa Mombasa anaujua kwa moyo, Mwislamu na asiye Mwislamu aliyekulia hapa. Ikiruka tamko moja, masikio yote yanashtuka hata kama macho hayakuona kitu. Kwa hiyo mahojiano yasimamishwe adhana ikianza, kwa heshima na kwa ufundi pia, na kabla ya kuondoka mrekodi baraza ikiwa kimya kwa nusu dakika au zaidi. Kimya hicho kina mvumo wake, na klipu yake ikitandazwa chini ya mikato inaiziba. Nimesikiliza vipindi vingi vya redio na podikasti za pwani zenye maneno mazuri sana, zikaharibiwa na kukosa nusu dakika hiyo, na huwa inaniuma.

Majina yasikuchanganye. Programu ya sauti ya Pro Tools iliziita klipu hizi rijoni hadi toleo la 10 la mwaka 2011 ilipoanza kusema klipu. Logic hadi leo husema rijoni, na Reaper husema aitemu. Ableton Live, tangu mwaka 2001, ina klipu unazoweza kuzirusha papo hapo mbele ya hadhira na kuzirudiarudia. Zote ni maelekezo kuelekea sauti iliyohifadhiwa kwingine.

Tahadhari moja ya kweli: Audacity, programu ya bure ambayo wengi wetu tulianzia, kabla ya toleo la 3.1 la mwaka 2021 ilikuwa ikitupa kabisa ulichokata kwenye ncha, na ukishafunga programu huwezi kukirudisha. Tangu toleo hilo unavuta ncha ya klipu na sauti inarejea. Kama kompyuta yako ina toleo la kale, hofu ya kukata ina msingi, na ni vyema usasishe programu.

Kuna pia taa nyekundu inayowaka kwenye mita ya sauti. Mafundi huiita klipu kwa kifupi, na hapo wanazungumzia kitu kingine: sauti imezidi uwezo wa kurekodiwa. Kwa sauti ya biti 16, kila kipimo ni namba kati ya -32,768 na 32,767, hakuna zaidi. Bendi ya taarabu ikipandisha spika na maikrofoni ikapokea wimbi kubwa kuliko hapo, kilele cha wimbi kinakatwa kikawa bapa, na unasikia sauti imepasuka. Kuipunguza baadaye kunakupa sauti iliyopasuka kwa upole. Hakuna ziada ya kuvuta hapa, kwa kuwa kilele hakikuandikwa popote. Kinga ni kujaribu viwango bendi inapopasha vyombo na kuacha nafasi ya kutosha juu.

Maelekezo yanapogeuka faili

Kazi ikiisha, mhariri huitoa, wenyewe husema kurenda. Hapo programu inapitia maelekezo yote, inachota picha na sauti kutoka kwenye faili za asili, inazichanganya na kuandika faili mpya. Faili hiyo mpya haina klipu ndani yake. Haina ziada wala ncha za kuvuta. Sentensi iliyoondolewa haimo kabisa, hata mtaalamu awe na kompyuta kubwa kiasi gani. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wakiogopa kumtumia mtu video waliyoikata WhatsApp wakidhani mpokeaji anaweza kuifungua ile sehemu ya kwanza. Hawezi, kilichotumwa ni kile kilichobaki. Na wengine wanaamini kinyume, kwamba fundi akipewa faili ya mwisho ya dakika tano ataweza "kurudisha" saa nzima. Naye hawezi.

Kwenye simu mipaka huwa na ukungu kidogo. iPhone ukikata video kwenye Photos na kuihifadhi juu ya ileile, unaweza baadaye kuirudisha ilivyokuwa. Ukichagua ihifadhi kama klipu mpya, unapata faili ya pili. Baadhi ya programu za simu hunakili video ndani yake unapoanza kazi, nyingine huelekeza tu kwenye galari. Mpaka ujue yako ni ipi, usifute kitu kwenye galari kazi ikiwa haijatolewa.

Je, kwa nini klipu zilizokatwa haraka kwa programu za bure mara nyingine huanza na picha iliyoganda, au huanzia sekunde mbili kabla ya pale ulipotaka? Video za leo, nyingi zikitumia mfumo wa H.264 uliotoka mwaka 2003, hazihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Zinahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata zinaandika mabadiliko peke yake, mpaka inapofika fremu nyingine kamili. Programu inayokata bila kurenda upya inalazimika kuanzia kwenye fremu kamili. Ukitaka mkato uangukie fremu hasa unayoitaka, lazima irende upya, na kila kurenda kunapunguza ubora kidogo. Video iliyopita WhatsApp, ikahaririwa, ikapita WhatsApp tena, imebanwa mara tatu. Kama unamtumia mhariri video ya simu yako, itume kama dokumenti, ifike kama ilivyo.

"Klipu imekatwa"

Turudi kwenye kile kipande cha Tononoka. Mtu akisema klipu imekatwa, kwa maana ya msingi hakosei kamwe, kwani kila klipu ina mwanzo na mwisho uliochaguliwa na mtu. Hata aliyerekodi kwa simu bila kuhariri aliamua abonyeze lini. Swali lenye manufaa ni mkato gani.

Kuna mkato wa ncha: maneno yote ni ya kweli na yamefuatana, ila yaliyotangulia na yaliyofuata hayapo. Mtu aliyesema "Wapinzani wangu wanadai kwamba feri iuzwe" anaweza kuonekana amesema feri iuzwe. Huu ndio wa kawaida zaidi, na hakuna chombo cha kuugundua ndani ya klipu yenyewe, kwa sababu hakuna kilichoghushiwa. Njia ni moja, kutafuta rekodi ndefu. Mikutano mingi ya hadhara sasa hurushwa moja kwa moja na vituo vya habari au na wafuasi wenyewe, na ukipata rekodi hiyo utajua katika dakika chache.

Kuna mkato wa ndani, ambapo sentensi zilizokuwa mbali zimeunganishwa. Huu huacha alama. Kichwa cha mzungumzaji kinaruka kidogo, kivuli kinahama, bendera inayopepea inabadili upande ghafla. Au, kwa ujanja zaidi, picha ya umati inawekwa juu ili mruko usionekane. Hapo fumba macho usikilize makofi, vigelegele, jenereta na pikipiki. Mvumo wa nyuma ukikatika au ukibadilika kimo katikati ya neno, pana kiungo.

Kuna kubadili mwendo, jambo ambalo watu hulisahau. Mei 2019 nchini Marekani ilisambaa video ya Spika Nancy Pelosi iliyopunguzwa mwendo hadi takribani asilimia 75, na akasikika kama mtu aliyelewa. Hakuna neno lililoongezwa wala kuondolewa. Na sasa zipo sauti na sura zinazotengenezwa na akili bandia, ambazo hazitokani na kukata hata kidogo; hizo zina dalili zake na zinastahili makala yake.

Tarehe ya faili haithibitishi chochote. Faili iliyopita WhatsApp huwa imeandikwa upya na maelezo mengi ya kamera yameondolewa, kwa hiyo anayekuonyesha tarehe iliyo kwenye simu yake anakuonyesha siku alipoipokea. Na ubora mbovu si dalili ya kughushi. Mara nyingi ni dalili kwamba imepita mikono mingi.

Basi ukienda kumwona mpiga video, acha neno klipu pembeni na utaje vitu vitatu kwa majina yake. Faili za asili kutoka kwenye kadi ni moja. Projekti ni ya pili, na wengi wenu hamtaihitaji. Video iliyokamilika ni ya tatu. Mkubaliane kipi kimo kwenye bei na kipi kinalipiwa kando, kwa kuwa gigabaiti 270 zinahitaji diski na diski hainunuliwi kwa maneno. Kabla ya kukubali "nitakuhifadhia", uliza atahifadhi kwa muda gani na kwenye diski ngapi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haivihurumii vyombo vya umeme, na diski moja peke yake ni bahati nasibu.

Na wewe mhariri, ukitakiwa kukabidhi projekti, usiinakili ile faili ndogo ukadhani umemaliza. Premiere, Final Cut na Resolve zote zina njia ya kukusanya projekti pamoja na faili zote inazozielekezea na kuziweka mahali pamoja. Itumie, kisha chomoa diski ya zamani, fungua mkusanyiko huo kwenye kompyuta nyingine, na uicheze taimlaini yote mwanzo hadi mwisho. Skrini ikiwa nyekundu popote, itafute faili hiyo siku hiyohiyo, kabla kadi ya kamera haijafutwa kwa harusi ya Jumamosi ijayo.